Kidole Kilichofungwa

TANGAZO
(lango la Kiwanda cha Juu)

Wabanguaji wote wa korosho watasaini mkataba mpya wa misimu mitatu kabla ya Jumatatu. Bei ya kilo ni ile ile. Asiyesaini asije. Saini ni kidole kwenye mashine. Kwa matakwa ya mnunuzi wa ng'ambo, kalamu haipokelewi.

TANGAZO
(lango la Kiwanda cha Chini)

Kama la juu.

1

Bi Somoe aliyasoma yote mawili kwa darasa lake la saba, polepole, mdomo ukicheza. Zamani wanawake wabanguaji, naye akiwa mmoja wao, walidhani malango mawili ni soko: huku wakikubania, unavuka barabara. Walivuka. Wakakuta bei ile ile, na msimamizi wa huku anawajua kwa majina aliyopewa na wa kule.

Malango mawili. Mfuko mmoja.

2

Kata ganda. Chomoa. Nzima huku, kipande kule. Kipande hakilipwi.

Mafuta ya ganda hula ngozi. Unajipaka majivu, yanakula majivu, kisha yanarudi kwako.

Wewe unayesoma, tazama ncha za vidole vyako. Ile mistari. Wabanguaji hawana. Ilikwenda pamoja na korosho ulizotafuna kwenye harusi ya jirani yako.

3

Bi Somoe anacho kimoja chenye mistari. Alipotoka eda ya marehemu mumewe alirudi kazini kidole cha shahada kikiwa kimefungwa kitambaa, na hajakifungua mbele ya ganda hata siku moja. Hiki ndicho anachokiinua katika tahiyatu kumshuhudia Mungu mmoja. Hatakipeleka mbele Yake kimeungua. Kwa sababu hiyo hubangua kwa vidole vilivyobaki, na kilo zake ni chache kuliko za wenzake.

Wenzake humtania.

— Shoga, bwana harusi wako bado yumo ndani?
— Anaswali, mwacheni.

4

Uani kwa mwenzao Esha walisoma Fatiha kufunga ahadi. Maneno yalikuwa machache: bei kwanza, na hakuna atakayeweka kidole peke yake.

Amina.

5

(kisimani)

— Esha kaenda langoni alfajiri.
— Nani kakwambia?
— Mwenyewe. Mashine imemkataa. Hukataa mara tatu.
— Na wewe umejuaje inavyokataa?

Akainua ndoo yake.

6

RUDIA.
RUDIA.
Alama haisomeki. RUDIA.

7

Esha. Mwanaharusi. Mama Tabu. Na wengine ambao Bi Somoe aliwaona wakipita na kanga zimeshuka usoni. Wote walirudi. Hawakulaumiana, nani amlaumu nani? Ahadi waliivunja kwa miguu. Vidole vikaitunza.

Bi Somoe hakwenda. Hakujisifu. Paa lake linavuja, na yeye alijua kitu ambacho wenzake hawakujua: kwamba akienda, atasomeka.

8

WITO
Bi Somoe afike ofisini kwa Meneja Lyaruu. Aje na kidole chake kilichofungwa.

9

Meneja alimpa kiti. Hajawahi kumpa mtu kiti.

Akamweleza kwa upole kwamba makontena yamejaa, mnunuzi hapakii mzigo bila mkataba wenye alama ya mbanguaji, na alama moja ya mwakilishi inatosha kwa wote. Yeye angefanywa msimamizi. Mshahara wa mwezi. Kivuli. Mikono ipumzike.

Mikono ya Bi Somoe ilikuwa mapajani. Hakuisikia. Siku hizi hata chai ya moto haisikii.

Peke yake, au kwa niaba ya wote? Fatiha ilikataza peke yake. Lakini bei kwanza, nayo ilisema. Basi kama bei…

Aliuliza iwapo bei ya kilo itapanda.

Meneja akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayejibu swali la kila msimu.

— Mama, nenda lango la pili ukaulize.

10

Bi Somoe alitazama mashine. Kioo kidogo, taa ya kijani. Akatazama kitambaa chake.

— Na wewe, baba, nenda lango la pili la vidole.

11

Meneja aliacha kucheka.

12

Alimwambia kwamba anaweza kuleta wabanguaji kutoka wilaya nyingine. Bi Somoe akakubali kwamba anaweza. Akauliza tu kama nao hubangua korosho.

Nje, honi ya lori.

13

— Andika bei kwanza. Ya wote. Huo usimamizi mpe mwenye haja nao.

Bi Somoe alisema taratibu, kama anayeagiza chumvi dukani.

14

Lyaruu akavuta mkataba. Akakata mstari wa bei ya zamani. Kalamu ikasimama. Akatazama simu, kama inayoweza kumwambia kitu.

Bi Somoe alianza kufungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko. Kidole kikatoka laini, cheupe, kimekunjamana kwa jasho, mistari yake yote mahali pake.

Akakiinua. Si juu sana. Kama katika tahiyatu.

Kalamu haijagusa karatasi.

Kidole hakijagusa kioo.

Taa ya kijani inawangoja wote wawili.