Tone la Kahawia

Tone la kioo lilikuwa limekwisha. Mtafiti aliinamia darubini akatazama tena, kana kwamba kutazama sana kungelirudisha. Palipokuwa na tone, sasa palikuwa na kishimo kitupu katika punje ya kijani ndogo kama kichwa cha pini.

Tone hilo la uji wa mwamba lilinaswa ndani ya punje hiyo ya fuwele huko chini sana ardhini, likaganda kuwa kioo siku volkano ilipolitapika. Matone mengine yote katika jiwe ilimotoka punje hiyo yalikuwa na nyufa, yamevuja njiani. Hili pekee lilikuwa zima. Ndilo lingemwambia ule mkondo wa moto unaopanda kutoka matumbo ya dunia umebeba nini. Alilitafuta miaka minne, na mlima ule wa volkano ulikwisha kulipuka upya, ukapafukia pale alipoliokota jiwe.

Punje ilihitaji kusuguliwa mpaka tone litokeze juu, mashine ilisome. Lilikuwa limesuguliwa hadi likaisha.

"Vipi mwanangu, limetokeza?"

Alikuwa fundi aliyeisugua punje hiyo, waliyemwita Mzee Taratibu. Kwa miaka thelathini mkono wake haukuwahi kuharibu punje ya mtu.

Hasira ilimpanda mtafiti. Aligeuka amwambie. Mzee alikuwa akimpa kikombe cha chai, lakini alikinyoosha kando, mahali pasipo na mtu.

"Mzee... macho yako."

"Yamechoka tu." Alisogeza kikombe kuifuata sauti. "Vidole bado vinaona. Usiwaambie wa ofisini, nakuomba. Nikitoka hapa nitakwenda kufanya nini?"

Mtafiti alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Akisema, atamvunja mzee na tone halitarudi. Akinyamaza, kesho itakuwa zamu ya punje ya mwingine.

"Bado nalitazama," alisema.

"Tazama kwa nafasi, mama. Sina haraka." Mzee alipapasa kigoda, akaketi karibu naye. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuomba: "Hebu nieleze, lina rangi gani?"

Mtafiti alirudisha jicho kwenye darubini. Kishimo kilikuwa pale pale.

"Kahawia," alisema. "Kahawia ya asali."

Mzee akafumba macho.

"Endelea," akasema.