Tempoyak ya Bibi Angani

Kutoka mji wetu wa Medan hadi Penang, ng'ambo ya bahari, hazifiki kilomita mia tatu, na ndege haikai angani hata saa moja. Wak Buyung, kaka mkubwa wa mama yangu, aliishika hesabu hiyo kama aya, na ndiyo iliyotuponza.

"Muda huo hata wali hauivi," alisema. "Itanuka saa ngapi?"

Alikuwa anazungumzia tempoyak, yaani nyama ya tunda la doriani iliyochachushwa kwa chumvi mpaka ikalegea kama usaha na kunuka kama soksi za bweni letu zilizozikwa pamoja na panya. Bibi alikuwa amelazwa Penang, ambako nusu ya Medan huenda kutibiwa, na tangu apasuliwe alikataa kila chakula. Daktari alisema asipokula hatapona. Bibi alisema atakula wali kwa tempoyak ya mtungi wake mwenyewe, la sivyo wamwache afe kwa heshima.

Ndege haziruhusu uozo huo. Wak akaujaza kwenye kichupa cha krimu ya uso cha mkewe, akakaza kifuniko na kukizungushia utepe wa gundi. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba tempoyak huachiwa upenyo ipumue. Wak naye alijua, ila aliiamini zaidi saa yake.

Wakaguzi walikitazama kichupa, wakakirudisha. Tukapaa.

Katikati ya bahari, kifuniko kikaanza kubenuka kama tumbo la chura.

"Wak, kitapasuka."

"Nyamaza. Tunakaribia kushuka."

"Kikipasuka Bibi atakula nini? Atalamba koti lako?"

Akanikabidhi kichupa. Nikabandua utepe, nikalegeza kifuniko. Kichupa kikashusha pumzi ndefu, na harufu ikatambaa: kitunguu kilichooza, choo cha stendi, jeraha lililosahauliwa. Nilionja kifungua kinywa changu mara ya pili.

Mama wa kiti cha mbele akaziba pua. "Mtoto wa nani huyo amejinyea?"

Mhudumu akaja akinusa safu kwa safu. Akikiona, kinakwenda jaani, na Bibi analala njaa tena.

"Wak," nikanong'ona kwa adabu yote ya shule ya bweni, "vua viatu."

"Umerogwa?"

"Vua. Anakuja."

Wak ni afisa wa wilaya, mtu ambaye hata kandambili zake hupigwa brashi. Akavua.

"Ni miguu yangu, binti," alisema akitazama dari. "Ugonjwa wa ukoo."

Mhudumu akanitazama mimi. Nikaficha miguu yangu.

"Umeshaonana na daktari, mzee?"

"Ndiyo naenda Penang."

Hapo ndege nzima ikamwelewa. Mama wa mbele akageuka, pua bado imebanwa. "Kuna daktari wa ngozi alimtibu shemeji yangu. Ila yeye hakufikia hapo ulipo, maskini."

Hospitalini Bibi akaumimina ule usaha juu ya wali, akafumba macho na kunusa kama anayenusa asumini. Akafinyanga tonge. Kisha akasita kabla ya kulitia mdomoni.

"Sili peke yangu kama paka," alisema. "Buyung, wewe umenenepa. Mjukuu wangu, sogea."

Nikamtazama Wak. Wak akanisukuma mgongoni kwa upole mkubwa.

Nikafungua mdomo. Ilikuwa ya uvuguvugu, yenye nyuzi, na iliteleza yenyewe bila kusubiri ruhusa. Nilimeza machozi yakinitoka.

"Tamu?" Bibi aliuliza.

"Sana, Bibi."

"Basi na mimi nile," akasema, akala mpaka sahani ikang'aa.