Mabikira Wasio na Macho

Kiwanda kilijibu malalamiko yake kwa Kifaransa cha mashine, lakini maana ilifika: vunja. Kila sanamu yenye kasoro ikatwe shingo, kichwa kilazwe kando ya mwili, namba iliyo chini ya kitako ionekane, na yote yapigwe katika video moja bila kukatisha. Wakiridhika watatuma nyingine mpya, bure. Ikikosekana hata moja, hawatumi kitu.

Katungu alisoma ujumbe huo dukani kwake, karibu na soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, akasonya. Hata hivyo hakuweza kuwalaumu sana. Walishachezewa hao. Mfanyabiashara analalamika, anapokea mpya, halafu anauza na ile mbovu kwa bei ya kutupa. Tusimsafishe: wazo hilo hilo lilikuwa limeshampitia yeye mwenyewe, hata kabla hajamaliza kufungua makasha.

Sanamu zilikuwa za Bikira Maria, kila moja urefu wa chupa ya bia, na kila mwaka kiwanda kilitoa sura mpya. Akina mama wa parokia walizikusanya kama wengine wanavyokusanya vitenge. Mwenye seti kamili alizipanga katika kabati la vioo sebuleni, akaalika shirika zima la mtaa lije kusali kwake, na aliyepungukiwa na moja alisali huku amekunja uso. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Mama wa Wasafiri, Bikira aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, kama mama yeyote wa Katanga. Walimngoja kwa hamu, apatikane kwa mwezi wa Mei. Makasha yakafunguliwa: midomo imepakwa rangi, mashavu yamepakwa, nyota za kitambaa zimepakwa. Macho hakuna. Pale penye macho palikuwa peupe kama ganda la yai.

Claudine, mwenyekiti wa akina mama hao, ndiye aliyemwona wa kwanza. Alimwita Katungu kwa jina la bintiye, kama wote walivyomwita.

"Maman Chancelvie, hii ni Maria gani? Iko kipofu! Vraiment, bantu ba Kivu, munatuletea nini?"

Alisema hivyo mbele ya wateja, akimsimanga Katungu kwa asili yake ya Kivu. Claudine alizaliwa Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na enzi zile Wakasai walipofukuzwa Katanga mama yake alilala stesheni akingoja treni ya kumrudisha kwenye nchi aliyokwisha kuisahau. Ungedhani mtoto wa mama huyo angeuma ulimi. Wapi! Mkuki kwa nguruwe.

Katungu afanye nini? Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi mwezi wa Januari, benki za huko zilifungwa, na pesa za ndugu aliokuwa akishirikiana nao zikafungiwa humo. Duka lilikuwa limesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa Bikira. Akina mama wakimkimbia, ndiyo basi tena.

Kulikuwa na shida moja tu, na shida hiyo ilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Bel-Air, imesimama juu ya sanduku kando ya kitanda cha mama yake.

Mama Léonie alifika mwezi wa Machi. Alitoka Goma kwa meli hadi Bukavu, Bukavu nayo ikaanguka, akashuka hadi Uvira, akapita ziwani hadi Kalemie, akasukumwa na njia hadi Pweto, na kutoka Pweto akapanda lori la samaki wakavu. Siku aliposhuka alinuka samaki, na hakuwa na Gradi. Gradi alikuwa kitinda mimba wake. Bandarini Goma alimpandisha mama yake melini, kisha akakumbuka kwamba hawakufunga mlango wa nyumba. Akasema anarudi kuufunga. Mji mzima unaporwa, risasi zinalia, na yeye anarudi kufunga mlango! Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena.

Makasha yalipofunguliwa, mama huyo alijichukulia sanamu moja bila kumwomba mtu.

"Huyu hakuona kitu," alisema akimpapasa uso. "Basi miye ntamuelezea."

Akawa anamweleza kila asubuhi, kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayeongea na dada yake jikoni. Siku moja akamwambia Katungu, bila kuulizwa:

"Gradi nimemuweka kwa mugongo yake, pale na ule mutoto. Kama huyu Maria iko anasimama, Gradi iko muzima."

Katungu si mtu wa ndoto. Lakini aliwaandikia watu wa kiwanda: je, nikiacha moja? Jibu likaja lile lile, neno kwa neno. Akajaribu upande wa pili.

"Mama, ntakuletea ingine. Muzuri, yenye macho."

"Yenye macho sipendi. Yenye macho tulikuwa nayo Goma. Iliona yote, ikanyamaza."

Katungu alikwenda kumuuliza abbé, padri wa parokia, na abbé akamwambia sanamu isiyobarikiwa ni udongo tu, avunje bila hofu. Habari ya ile moja hakumgusia. Alijua vizuri kwa nini hakumgusia.

Jumamosi moja, mama yake alipokwenda misa ya asubuhi, Katungu alizipanga sanamu zote uani, nyuma ya ukuta, jirani asione. Akaegemeza simu kwenye gunia la makaa, akabonyeza, akashika msumeno.

Mwanzoni aliomba msamaha kwa kila shingo. Baadaye mkono ulichoka, vumbi jeupe likamjaa puani, na akajikuta anafikiria mboga ya mchana. Ndivyo binadamu alivyo. Hata kuwachinja watakatifu kunazoeleka. Vichwa vikalala kando ya miili, vyote vinatabasamu, hakuna hata kimoja kinachotazama. Ile ya mama yake aliiweka ya mwisho kabisa. Labda alitumaini simu ingezimika kabla. Simu haikuzimika.

Msumeno ulikuwa umeshaingia nusu ya shingo lango lilipolia.

"Katungu?"

Hakugeuka. Video ilikuwa inaendelea. Ikikatika, yote yale yangekuwa kazi bure, maana shingo haikatwi mara mbili.

"Katungu, acha. Ule ni wangu. Acha, mutoto wangu."

"Dakika moja, mama."

Alisema hivyo kwa adabu, kama binti aliyeitwa akiwa anasonga bukari. Akakata. Kichwa kikadondoka, kikabiringika hadi kwenye makaa. Akakiokota, akakilaza mahali pake, akageuza kitako cha sanamu, akaielekeza namba kwenye simu, polepole, isomeke. Ndipo akazima.

Mama Léonie alikuwa bado amesimama langoni, rozari mkononi.

"Batatuma ingine, mama. Mupya. Bure."

"Na Gradi?" mama yake akauliza. "Naye batatuma mupya?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akaanza kuvitoa nje viti vya sebuleni kimoja kimoja, kama inavyofanywa nyumba ikipatwa na msiba. Akatandika mkeka katikati ya chumba, akavua viatu, akafungua kilemba, akaketi. Kisha akapiga yowe, na jina la Gradi likavuka ukuta hadi barabarani.

Kilio hakingoji mwaliko. Kabla jua halijafika utosini, wanawake walikuwa wamejaa mkekani, na wanaume wamekalia vile viti huko nje, wameshaleta mbabula, jiko la makaa, lenye moto. Katungu aliwahi tu kuzitia sanamu katika gunia na kulisukuma nyuma ya choo. Kila aliyefika alimkumbatia. "Pole, Maman Chancelvie. Pole sana." Angesema neno kwa yule wa kwanza, mambo yangeishia pale pale. Hakusema. Akapokea pole ya pili, na ya tatu, na kila pole ikamfunga mdomo zaidi.

Claudine alikuja na akina mama wa parokia, wote wamevaa kitenge cha Bikira. Alilia kweli, tusimnyime haki yake. Pengine alikuwa anamlilia na mama yake wa stesheni. Akaketi karibu na Katungu, akamshika mkono, na alipokwisha kujifuta machozi akauliza swali linaloulizwa katika kila kilio.

"Habari ilifika lini? Nani aliileta?"

Mama Léonie akakatiza kilio, akatega sikio.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Hakuna habari iliyofika. Hakuna anayejua kama Gradi amekufa. Mama analia kwa sababu mimi nimekata kichwa cha Bikira Maria mbele ya macho yake, na vichwa vingine viko guniani, nyuma ya choo. Katungu alimtazama Claudine, akauona mdomo ule, akauona ukizunguka nyumba kwa nyumba mpaka jioni. Ni nani angenunua tena hata mshumaa kwa mwanamke wa Kivu anayechinja Mabikira?

"Jana," alisema. "Kwa telefone. Jirani wa Goma njo alipiga."

Mama yake aliinua kichwa. Alimtazama bintiye kwa macho makavu, na hapo, kwa kuchelewa, Katungu akaelewa kitu ambacho alipaswa kukielewa tangu viti vilipoanza kutoka. Mama hakuwa ameamini kwamba Gradi amekufa. Alikuwa ametoa viti, amefungua kilemba, amelia mpaka mtaa ukajaa, huku akingoja mtu wa kumkemea: nyamaza, mama, Gradi hajafa. Na katika nyumba nzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kumwambia hivyo.

"Jana?" akauliza. "Na haukuniambia?"

"Nilikosa namna, mama."

Yowe lililofuata halikufanana na lile la kwanza. Wanawake wawili walilazimika kumshika mabega. Claudine akasimama, akaanzisha sala ya marehemu, akalitia jina la Gradi mahali pake, na Katungu akaitikia pamoja na wengine: apumzike kwa amani, amina.