Kiungo cha Nne

Jumamosi saa nane mchana, kigari cha gofu cha mzee Owiti kilikuwa kimekufa mlangoni pa nyumba yake, Mogogosiek. Mkewe Celine alikuwa ameketi ndani yake, Biblia mapajani, amekataa kushuka.

"Nitashuka kesho, kanisani," alisema.

Miguu ya Celine iliacha kumbeba miaka mitatu iliyopita. Kigari hicho cha betri kilikuwa kimechakaa uwanjani, lakini Owiti alikinunua alipostaafu ili mkewe afike darasa la jioni. Huko Celine alijifunza kusoma, akiwa na miaka sitini na moja. Kesho yake alikuwa amepangiwa kusoma somo la kwanza mbele ya watu wote, na kanisa liko juu ya kilima.

Zack, fundi wa simu, alikwisha kutoa hukumu. "Betri zimemrudia Muumba, mzee. Nunua sita mpya, ama ununue punda."

Ndipo Owiti akamwita Chepkurui, fundi wa umeme katika kiwanda cha chai. Chepkurui alifika na mita yake, lakini hakugusa kitu. Kwanza alivua pete yake ya ndoa.

"Nishikie, mama. Pete na petri si marafiki."

Celine akaivaa isipotee.

"Sida ilianza Jumatano," Owiti alieleza.

"Sida, ama shida?"

"Na wewe unayesema petri utanicheka mimi?"

Celine alicheka mpaka kigari kikatikisika.

Chepkurui akainua kiti cha mbele, akapima betri zote kwa pamoja. Volti hamsini.

"Zack amezika mtu aliye hai. Sasa kanyaga mafuta, mzee, hata kama hii haina mafuta."

Owiti akakanyaga. Kitu kikalia *ta!* chini yao, kigari kikatetemeka, kisiende. Mita ikaporomoka hadi thelathini. Moyo wa Owiti ukaporomoka nayo. Lakini Chepkurui akamwambia aendelee kukanyaga kidogo kidogo, akapima betri moja moja. Zote zilisimama imara.

"Kila moja ina nguvu zake," alisema. "Basi zinapotelea njiani."

Owiti aliitazama mikono ya Chepkurui. Alikuwa amewaona wachumaji wa chai maisha yake yote, na aliwajua wanaonyakua majani ovyo na wale ambao vidole vyao huchagua. Huyu alichagua. Alipima kila kiungo, pale waya unapotoka betri moja kwenda nyingine. Cha kwanza, sifuri. Cha pili, sifuri. Cha tatu, sifuri. Cha nne, volti kumi na nane.

"Hapa," alinong'ona.

Alifungua nati. Ndani, unga wa kijani ulikuwa umeila shaba.

"Mzee, huwa unabeba nini chini ya kiti?"

Owiti alitazama viatu vyake. "Mbolea. Ya shamba la kanisa. Tangu mvua zianze. Sikutaka inyeshewe."

"Yaani mbolea ya Bwana imenifungia njia ya kwenda kwa Bwana!" Celine alisema.

Chepkurui hakumkaripia mzee. Aliomba maji moto na magadi ya kupikia maharagwe, akaosha, akakausha, akasugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, akakaza. Owiti alipokanyaga tena, kigari kiliruka mbele kikaangusha ndoo, na Celine akapiga vigelegele. Kimoyomoyo Owiti alimshukuru Mungu kwa kuumba watu wanaouliza kabla ya kuhukumu.

Jumapili kigari kilipanda kilima bila kupumzika. Owiti alikisimamisha karibu na madhabahu, Celine akafungua Biblia. Mstari wa tatu ulikuwa na neno refu. Akakwama. Owiti akafumba macho.

Celine hakubahatisha. Alirudi mwanzo wa neno, akaweka kidole kwenye silabi ya kwanza, akaisema. Ya pili. Ya tatu. Ya nne akaikazia macho kwa muda, kisha neno zima likatoka, na sauti yake ikaendelea mbele bila kutetemeka.

Kwenye kidole hicho iling'aa pete ambayo wote walikuwa wameisahau. Katika benchi la tatu, mume wa Chepkurui aliutazama mkono mtupu wa mkewe.

"Tulia," Chepkurui alimnong'oneza. "Bado iko kazini."