Unyusi wa Kijani

Nilipiga yowe mpaka mteja wangu wa picha ya pasipoti akaruka kwenye kiti.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Hakuna nyoka, baba. Kaa, tazama mbele."

Nikabonyeza kamera. Picha ikatoka macho yamemtoka pima, kama mtu aliyekoswakoswa na gari. Nikampiga nyingine, nikamkatia nne zake, nikamuaga. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikafunga mlango wa studio na kurudi kwenye kompyuta.

Unyusi ulikuwa pale.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa maabara ya shule mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyenitia wazimu wa kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi yaliyo huko mbali katikati ya nyota. Miaka mitatu iliyopita alipiga wingu moja jekundu, na juu yake ukatokea mstari mwembamba wa kijani kama cha bahari, umepinda kama unyusi. Katika chama chetu cha wapenda nyota hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona. Wakaitundika picha ukumbini, jina lake chini. Kila kikao ilikuwa lazima mjomba aipitie kwanza, aitazame, ndipo akae.

Mimi sasa, mjuaji, nikataka kuupiga unyusi huo vizuri kumshinda, nikanunua darubini ya kisasa: fupi, mdomo mpana, inakusanya mwanga haraka ajabu. Yake ni ndefu na ya polepole, ya kizamani. Lakini kichujio nikanunua kilekile kama chake, cha kiwanda kilekile, ili asije akapata pa kujitetea. Kichujio chenyewe ni kioo cha duara, unakiweka mbele ya kamera. Kina madirisha mawili ya rangi, membamba mno: moja linapitisha wekundu wa hidrojeni, jingine kijani cha oksijeni. Taa za barabarani na upuuzi wote wa mji vinabaki nje.

Nikakusanya mwanga wa saa ishirini. Wekundu ukatoka mzuri wa kukutoa machozi. Unyusi, hakuna. Hata dalili.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini chamani wananiita Kiberiti, na jina hilo sikupewa kwa upole. Nikampigia simu mjomba.

"Mjomba, ule mstari umeuchora. Jumamosi nitasema kikaoni."

"Usiwe na haraka, mwanangu. Kuna kitu nitakutumia."

Alhamisi kikaja kifurushi kidogo. Nikasema, ahaa, ananibembeleza! Nikakitupa ndani ya droo ya vitambaa vya mandhari ya picha, hata utepe sikuubandua.

Jumamosi nikasimama, nikaziweka picha mbili ukutani, yake na yangu, nikamvua nguo mbele ya watu arobaini. Nilisema vizuri, Mungu anisamehe, maana mdomo ninao. Mwenyekiti akamgeukia: "Mzee, una la kusema?"

Mjomba alinitazama mimi, si mwenyekiti. Nikajiambia, mwizi akikamatwa huwa hivyo.

"Sina," akasema.

Picha ikateremshwa. Akaibeba kwapani, akatoka, na hakurudi tena chamani. Mama alininunia miezi miwili kwa ajili ya kaka yake, nami nikamnunia vilevile. Nilikuwa na haki yangu, bwana!

Mwaka ukapita. Wiki iliyopita kichujio changu kikaniponyoka, kikapasuka. Jana nikawa napekua droo kutafuta kingine cha kushikizia hata siku mbili, nikakutana na kile kifurushi. Nikachana karatasi, na ndani nikakuta kichujio. Nikacheka peke yangu. Kumbe mzee alitaka kunihonga kioo! Karatasi nikatupa kapuni, kioo nikakifunga kwenye darubini juu ya paa, nikailekeza kwenye wingu lilelile kwa kuwa ndilo lililo juu msimu huu, nikaiacha ijifanyie kazi usiku kucha.

Asubuhi picha ikaingia kwenye kompyuta, ndipo nikapiga lile yowe. Wingu jekundu, na juu yake unyusi wa kijani, umekaa kwa raha zake kana kwamba haujawahi kuondoka.

Nikakumbuka karatasi. Nikamwaga kapu lote sakafuni, nikapiga magoti katikati ya vipande vya picha za watu. Ndani ya karatasi ya kifurushi palikuwa na nyingine, imekunjwa mara nne. Mwandiko wa maabara, herufi zimesimama wima.

"Mwanangu, kosa si lako wala langu. Darubini yako ina mdomo mpana, miale inapita kwenye kichujio kwa mshazari, na ikipita hivyo yale madirisha ya rangi yanahama kidogo. Lile la oksijeni ni jembamba zaidi, likihama unywele tu, kijani kinabaki nje. Hiki kimetengenezwa kwa darubini kama yako. Kijaribu kabla ya Jumamosi. Ukiuona, tutawaeleza pamoja."

Nilikaa pale chini sijui muda gani, mteja akagonga mlango, akachoka, akaenda zake.

Mjomba nilimkuta kibarazani kwake, ameifungua pasi ya umeme, anaikaza skrubu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nikamwekea picha magotini. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kidole chake kikaufuata unyusi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umetumia kile nilichokupa."

"Ndiyo. Jana."

"Kwa mara ya pili?"

"Kwa mara ya kwanza, mjomba. Kifurushi nimekifungua jana. Barua yako nimeisoma leo asubuhi."

Bisibisi ikamdondoka.

"Hukuisoma?"

"Sikuisoma. Nilidhani unanibembeleza, nikakitupa droo."

"Lakini mimi nilijua umeisoma! Siku ile uliposimama, nilijua umejaribu, umeuona, na bado umeamua kunichafua. Mwenyekiti ananiuliza nina la kusema. Niseme nini? Niwaambie watu mtoto wa dada yangu ananizulia kwa makusudi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba radhi kwa kosa la kioo. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Hili lingine halikuwamo.

Mjomba aliendelea kuishika picha kwa mikono miwili.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikijiuliza nilikukosea nini."