Kazi ya Maulida

Maulida alipoanza kuvimba miguu, Lydia ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu meza zao zilitazamana katika ofisi ya kampuni ya maua kule Kisongo. Ilikuwa mwaka 1998. Wageni walikuwa wamenunua shamba lililokuwa la umma, wakajenga mabanda ya plastiki, na mawaridi yakaanza kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Kila katoni ilihitaji lebo yake: aina ya ua, urefu wa shina, jina la mnunuzi, namba ya ndege. Lebo hizo aliziandika Maulida kwenye kompyuta, maneno yale yale kutwa nzima.

Alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Kaloleni, mke wa fundi cherehani aitwaye Abasi. Madaktari walisema moyo wake umechoka. Dawa alizipata kwa barua ya kampuni, na akiacha kazi barua nayo inakoma. Kwa hiyo alikuja kila asubuhi akihema, akakaa, akasubiri pumzi irudi, ndipo akaanza kuandika.

"Dada Maulida, nenda nyumbani ukalale," Lydia alimwambia siku moja.

"Na lebo ataandika nani?"

Lydia alikuwa binti wa wakulima wa kahawa huko Poli, mteremkoni mwa Meru. Kompyuta alijifunza kwenye kozi fupi ya kanisa, na hapo alisikia kwamba mashine inaweza kukaririshwa: unaifanyia kazi mara moja, inashika hatua zote, kisha unabonyeza tu nayo inarudia yenyewe. Akaanza kujaribu saa ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza ilikataa. Mara nyingine majina ya wanunuzi yalichanganyika, ikabidi achane karatasi zote kabla hazijaonekana. Hatimaye printa ikaanza kutema lebo safi, moja ikifuata nyingine, wala hakuna aliyegusa kitu. Maulida alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi nifanye nini sasa?"

"Wewe kaa tu."

Tangu hapo Maulida alilaza kichwa mezani asubuhi nzima, na siku za kliniki hakuja kabisa. Lydia aliwasha kompyuta ya mwenzake, akabonyeza, akarudi kwenye faksi zake. Miezi ikaenda hivyo. Uvimbe ulipungua kidogo, Maulida akaanza tena kuvaa viatu vya kufunika.

Meneja wao, Bwana Elinami, hakuwa mtu mbaya. Asubuhi moja aliingia kuulizia faksi iliyopotea, akakuta printa inafanya kazi na kiti kitupu.

"Maulida yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Na hii inaendeshwa na nani?"

Lydia angeweza kubuni neno lolote. Lakini Bwana Elinami aliinama kuangalia, macho yamemtoka kwa mshangao, na tangu Lydia aajiriwe hakuna aliyewahi kuitazama kazi yake hivyo. Akamweleza. Akamwonyesha na namna ya kubonyeza.

"Akili hii umeitoa wapi, Lydia?" Bwana Elinami alisema. Kisha akakiangalia kile kiti. "Kwa hiyo Maulida anafanya nini siku hizi?"

Lydia aliinama kuitafuta ile faksi iliyopotea.

Barua ya kumpunguza Maulida kazini ilitoka mwisho wa mwezi. Lydia aliingia kwa meneja bila kubisha hodi.

"Nitaifuta ile programu, bosi. Ataandika mwenyewe kama zamani."

"Nimeshaituma kwa diski kwa wenye shamba. Wamekushukuru sana."

"Anaumwa. Dawa zake ni za barua ya kampuni."

"Najua," alisema, akageukia dirishani. "Nimewaambia. Wanasema kazi yake haipo."

Maulida alikusanya khanga yake na kikombe, akavitia kwenye mfuko.

"Usilie hapa, watakuona," alimwambia Lydia. "Ulinipumzisha."

Lydia alimpelekea dawa alizoweza kupata, si zote. Masika yalipoanza, Maulida hakuweza tena kulala chali, alikesha ameegemea ukuta. Alifia hospitalini, ameketi.

Msibani Kaloleni, Lydia alikuwa akiondoka mapema, Abasi akamzuia mlangoni.

"Wewe ndiye Lydia wa kompyuta?"

"Ndiyo, shemeji. Pole sana."

"Alinieleza. Nilimwambia akatae. Nilimwambia, siku wakijua kazi inakwenda bila wewe, watakutoa." Aliangalia matope ya uani. "Hakunisikia. Alikuwa amechoka mno."

Lydia akaanza kuvaa viatu.

"Usiondoke hujala," Abasi alisema. "Rudi ndani, wanawake wanapakua."

Akarudi. Walimsogezea nafasi kwenye mkeka, na mmoja akammiminia maji ya kunawa.