Kikombe cha Tatu

"Hao ni wawili," Rispa alimwambia Koplo Mutisya kwa mara ya pili. "Hesabu tena."

"Ni watatu, Mama Tobias. Vikombe ni vitatu."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mtaani Makongeni. Kwenye ukuta mfupi mbele ya nyumba ya shirika la reli waliketi Tobias, mwanawe Rispa, na Irungu wa jirani. Katikati yao aliketi Caleb, aliyezikwa mwaka uliopita, akipuliza chai yake. Koplo alieleza kwamba wawili ni marafiki tu. Watatu wakionekana pamoja kila siku ni genge, na kila mmoja hufungwa miaka saba.

Rispa alikuwa na diploma ya ukarani na alisoma kila karatasi hadi mwisho. Aliuliza kama marehemu huhesabiwa. Koplo alipekua kijitabu chake, akakuta sheria haikusema lazima mtu awe hai. Tena jina la Caleb lilikuwa limeandikwa katika orodha ya polisi tangu mwaka jana, na hakuna aliyeamriwa kulifuta.

Kosa lilikuwa la Rispa. Caleb alikula kwake tangu darasa la pili, na baada ya mazishi mkono wa Rispa uliendelea kumimina vikombe vitatu. Siku ya nne Caleb alikuja kunywa chake. Hakupenda chai imwagwe.

Sasa Caleb alikiweka kikombe chini. "Mama, wacha niende. Watabaki wawili."

"Kaa umalize chai," Rispa alisema. "Ukienda utakula kwa nani?"

Koplo alisema hata akienda, ameshaandikwa. Akawaamuru vijana wapande Landrova. Ilikuwa ileile. Mwaka jana Caleb alipandishwa humo peke yake, mzima. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini alifika amekufa, na ikaandikwa kwamba alijaribu kutoroka.

Rispa alivua aproni, akauliza mtu wa nne akiketi nao anakuwa nani. Mwanachama, Koplo alijibu, sheria haibagui.

Rispa akaketi ukutani, akanywa funda moja kutoka kikombe cha mwanawe.

"Basi andika wanne."

Koplo akaandika majina, la Caleb kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye rekodi. Rispa akafunga nyumba, akachukua mkoba na chupa ya chai, akapanda Landrova na kujibana kati ya Tobias na mlango. Caleb akapanda mwisho, amebeba vikombe.